Maji ya Bidoni za Buluu

Jirani zangu wa Dilala, hapa Kolwezi, na nyinyi wa Mutoshi mpaka Fungurume, sogezeni viti. Habari hii mlishaisikia kwenye bomba la maji na kwa wasusi wa nywele, na kila aliyeipitisha aliiongezea chumvi yake. Hapa inakuja bila chumvi, maana yenyewe inatosha.

Kwa Jémima hapakosi watu. Nyumba yake ni moja ya zile za zamani za wafanyakazi wa mgodi, vyumba vidogo, lakini lupango lake, uwanja wenye ukuta, ni kubwa, na Jumapili baada ya misa ndiko miguu ya watu inakoelekea. Jumapili ile ya mwezi wa saba mbabula mbili za makaa zilikuwa zinawaka, samaki thomson wanaingia mafutani, na watu wanne wameinamia kipande cha katoni. Aliyeshika kalamu alikuwa Kisimba, mume wa Jémima, dereva wa kampuni moja ya usafirishaji, mtu wa maneno machache. Pembeni yake alikaa rafiki yake Badibanga, mwendesha pikipiki ya taksi, mtu wa Kasai ambaye mdomo wake hulala tu akilala mwenyewe. Wa tatu alikuwa Jémima mwenyewe, na wa nne Ndaya, mwalimu wa watoto wadogo, jirani wa geti la tatu, anayemwita Jémima yaya, yaani dada mkubwa.

Miaka miwili Kisimba alikuwa anafufua Land Cruiser kuukuu aliyoinunua ikiwa mifupa. Sasa ilikuwa inanguruma. Na ndoto yake ilikuwa moja: kupanda uwanda wa Manika, kule juu kwenye mchanga na majani makavu ambako hakuna mtu, na kulala siku mbili chini ya mbingu pamoja na rafiki zake.

"Tunaenda mu Sahara!" Badibanga akapiga goti.

"Sahara gani?" Ndaya akamcheka. "Kule ni majani na baridi."

"Mwalimu, sikiliza. Muchanga iko. Mayi haiko. Rezo ya simu haiko. Unataka Sahara ya namna gani tena? Nikuletee na ngamia?"

"Ngamia tuko naye tayari, anakula thomson za batu."

Kisimba akagonga katoni kwa kalamu. "Kila mutu na muzigo yake. Badibanga, bashi ya kufunika vitu, kamba na koleo. Ndaya, unga ya bukari na mboga. Jémima, blanketi na masufuria. Mafuta ya gari na mayi, mi mwenyewe. Litre mia moja. Kule mutu anaweza kusahau chumvi, lakini mayi hapana."

Hapo hapo sauti ikaita getini. Alikuwa Mama Adèle, muuza maharagwe, na alikuja kununua bidoni, dumu la kuwekea maji. Kando ya ukuta wa Jémima zilipangwa bidoni za buluu, nene, za lita ishirini na tano, zinang'aa juani. Mtaa mzima ulizijua, na ulizipenda, kwa sababu hazipasuki upesi kama zile za njano za mafuta ya kula.

Mama Adèle akainua moja, akainusa. "Jémima, hii ilibebaka nini?"

"Sabuni tu, mama. Ya kuosha magari ya kampuni."

"Inanuka kidogo."

"Ni upya. Weka mayi siku mbili, umwange, harufu inakufa."

Mama Adèle akaondoka nayo kichwani, akishukuru. Kisimba aliinua macho akamtazama mkewe, kisha akarudia katoni yake.

Sasa niseme kile ambacho Jémima hakukisema. Bidoni zile hazikubeba sabuni. Zilibeba dawa ya kiwanda, ile inayotumika kutenganisha shaba na mawe. Mtu mmoja wa lori alikuwa anazitoa huko zinakotupwa na kumletea kwa mlango wa nyuma. Kila moja ilikuja na karatasi iliyochorwa kichwa cha maiti, alama ya sumu, na Jémima alikwangua kichwa hicho kwa kisu cha jikoni hadi kisionekane. Kisha alitia mchanga, maji ya moto na unga wa sabuni, akatikisa, akamwaga, akaanika. Alifanya kazi hiyo kwa bidii, hilo hatumnyimi. Lakini mkono wa bidoni uko na uwazi ndani. Mchanga haufiki, kitambaa hakifiki. Kilichoganda mule hukaa mule, kinasubiri maji.

Je, alijua? Alijua kiasi cha kujilinda. Nyumbani kwake maji ya kunywa yalikaa kwenye bidoni za njano, na kila moja aliifunga uzi mwekundu ili asikosee. Siku moja Kisimba alimuuliza kwa nini wao hawatumii zile za buluu. "Ya kuuza ni ya kuuza," akajibu. "Fundi wa viti anakaliaka viti vyote anavyotengeneza?" Kisimba akacheka, na neno likaishia hapo.

Siku ya Alhamisi, Jémima alikuwa kwa msusi, maana picha za Manika hazipigwi kwa kichwa cha kila siku. Kisimba alibaki kupakia gari. Alizitazama bidoni za njano. Moja ilikuwa na ufa. Mbili zilikuwa zimejaa maji ya watoto, ambao wangebaki na mama yake Kisimba. Je, awaachie watoto bidoni tupu ili yeye akatembee? Hakuwa baba wa namna hiyo. Akachukua nne za buluu za mkewe, akazisuuza mara mbili, akazijaza, akazifunga juu ya gari na kuzifunika kwa bashi. Si mkewe mwenyewe alisema ni safi?

Ijumaa wakaondoka. Na tusidanganyane, mwanzo wa safari ile ulikuwa mtamu. Lami iliisha, vumbi jekundu la Kolwezi likabaki nyuma, gari likaanza kupanda, na juu kabisa dunia ikafunguka. Hakuna mti, hakuna lori, hakuna shimo la mchimbaji. Ni majani ya rangi ya mkate na mchanga mweupe tu, hadi jicho linachoka. Kisimba alishuka akapunguza upepo kwenye magurudumu manne ili yaukanyage mchanga bila kuzama, akapanda tena akitabasamu kama bwana harusi.

Walipiga kambi nyuma ya kichuguu kikubwa. Upepo ulitaka kubeba unga wa bukari, ikabidi Badibanga afungue mlango wa gari na kusimama hapo kama ukuta. "Mulinileta nikuwe mulango?" alilalamika, na Ndaya akamjibu kwamba hatimaye amepata kazi inayolingana na upana wake. Asubuhi walikuta baridi nyeupe, umande ulioganda, imelala juu ya majani. Wakaona korongo wakubwa wakitembea wawili wawili, polepole, kama wazee wa kanisa. Jémima, mtu wa kelele na makundi, alikaa juu ya boneti na blanketi mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alinyamaza kwa raha.

Hadi hapo walikunywa na kupikia maji ya sashe, yale ya vifuko vya plastiki, mafurushi mawili ambayo Ndaya alinunua njiani. Jumamosi saa nne sashe zilikuwa zimeisha, na gari lilikuwa limezama.

Walikuwa wamesogea mbele kidogo kutafuta mahali pa kupikia, mchanga ukageuka laini kama unga, na gurudumu la nyuma likachimba hadi tumbo la gari likalala chini. Kisimba hakuogopa. Alivua shati, akachukua koleo. Jémima na Badibanga wakaenda mbali kutafuta matawi ya vichaka, ya kuweka chini ya magurudumu. Jua lilikuwa kali, na kijito chochote hakikuonekana.

Jémima aliporudi na mzigo wake wa matawi, alimkuta mumewe amesimama karibu na gari, jasho linamtiririka, kikombe cha bati mdomoni. Miguuni pake palikuwa na bidoni. Ya buluu.

Akadondosha matawi.

"Ile bidoni umetoa wapi?"

"Mu zako," Kisimba akasema, akajaza kikombe cha tatu. "Za njano niliachia batoto. Iko na ladha kidogo, lakini kiu haina mashauri."

Ndaya alikuwa ameshachota maji mengine, sufuria iko motoni. "Yaya, usihesabu bidoni zako hata mu Sahara," akasema akichochea moto. "Hata ile uliniuzia, ya nyumbani, ni ndugu ya hii. Batoto bananywea mule kila siku, haipasukake. Ni kale kadogo tu kanatokaka vidonda mu kinywa, na ku dispanseri banasema ni vitamini."

Ndugu msomaji, simama hapo kidogo, miguu yako ndani ya viatu vya Jémima. Mbele yako mumeo. Kando yako rafiki uliyemuuzia. Ukinyamaza, huenda hakuna kitakachotokea, nawe utarudi Dilala na jina lako. Jémima alijiambia kwamba aliziosha. Alijiambia tena. Kisha akaona Ndaya anainua kijiko cha maji ya moto, anapuliza, anataka kuonja chumvi.

Alipiga sufuria teke. Maji yakaruka, moto ukalia.

"We!" Badibanga akapiga kelele. "Pepo imekuingia?"

"Musinywe! Ile mayi musinywe, hata kidogo! Kisimba, tupa kikombe!" Sauti yake ilitoka kama si yake. "Haikubeba sabuni. Ilibeba dawa ya kiwanda. Ilikuwa na karatasi ya kichwa cha maiti, mi njo nilikwangua. Na kisu. Yote."

Kisimba alitazama ndani ya kikombe cha tatu, tayari kitupu, kisha akakiweka chini taratibu.

"Mi nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Na ulinijibu."

"Ndiyo."

Ndaya ndiye aliyelia, na hakulia kwa ajili yake mwenyewe. "Batoto bangu! Jémima, batoto bangu bananywa sasa hivi!" Alichomoa simu, akainyoosha juu, akakimbia huku na kule kwenye mchanga. Rezo haikuwepo. Ile Sahara waliyoichekea kule Dilala sasa haikumchekesha mtu. Alianza kutembea kuelekea walikotoka, akisema atafika kwa miguu, na Badibanga akamshika mkono. "Mwalimu, siku moja nzima ya kutembea, bila mayi? Batoto batabaki na nani?"

Hata saa haikupita, Kisimba alianza kutapika. Aliketi kwenye kivuli cha gari, ameshika tumbo, uso umegeuka rangi ya majivu. Ndipo Jémima akasogea garini. Alifuta uso kwa mkono, akaokota koleo.

"Gari inatoka hapa leo," akasema. "Munichukie, ni haki yenu. Munichukie mukichimba."

Wakachimba. Mchanga ule ulirudi kama maji, ukitoa koleo tatu, mbili zinaanguka tena. Koleo lilikuwa moja, hivyo Ndaya alichimba kwa sahani na Badibanga kwa mikono. Kinywaji kilichobaki kilikuwa chupa moja ya munkoyo wa mahindi, nusu yake. Walimpa Kisimba kidogo, akautapika. Wao waligawana kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kila mtu, na Jémima akakipitisha cha kwake kwa Ndaya. Ndaya alikinywa bila kumtazama.

Saa nane midomo yao ilikuwa imepasuka. Jémima aliweka matawi, hayakutosha. Akatoa blanketi mbili nene alizopewa na mama yake siku ya harusi, akazitandika chini ya magurudumu na kuzisukuma kwa goti.

"Nani ataendesha?" Badibanga akauliza. "Mi najua pikipiki tu."

"Panda," Kisimba akasema kutoka kiti cha nyuma walikomlaza, sauti imekauka. "Gia ya kwanza. Kanyaga kidogo. Kidogo, nasema, si kama unakimbiza mutu aliyekimbia bila kulipa."

Mara ya kwanza gari lilizama tena. Mara ya pili likanyanyuka kidogo. Mara ya tatu Jémima na Ndaya waliweka mabega nyuma yake, bega kwa bega, wote wawili wakipiga kelele, blanketi zikachanika, na Land Cruiser ikapanda juu ya mchanga mgumu ikitetemeka. Hakuna aliyeshangilia. Bidoni nne walizimwaga na kuzitoboa palepale, wakapanda.

Badibanga aliendesha kwa gia ya kwanza na ya pili njia nzima, ulimi umetoka. Pale uwanda unapoanza kushuka, simu ya Ndaya ikalia kwa ujumbe. Akampigia mama yake, aliyebaki na watoto.

"Mama! Mwanga ile mayi! Ya bidoni ya buluu, mwanga yote! Banakunywa leo?... Saa ngapi?... Peleka wote wawili ku dispanseri, sasa hivi, sema ni dawa ya kiwanda. Hapana, usingoje baba yao!"

Watoto wa Ndaya walitibiwa. Mkubwa hakuonyesha kitu, mdogo alilazwa siku nne. Kisimba alilazwa siku ishirini na moja. Hakufa, tumshukuru Mungu, lakini daktari alisema figo zimeumizwa, asiendeshe tena malori ya safari ndefu, na kampuni ikatafuta dereva mwingine. Land Cruiser ile iko lupangoni, imefunikwa.

Na Jémima? Hapa ndipo wengi walitegemea kwamba atafunga geti na kujificha kwa ndugu zake Likasi. Siku aliyomwacha Kisimba ameanza kula uji, alichukua kisu na karatasi. Mnajua mapenzi yake ya habari za watu: nani kahama, nani kagombana na nani. Mara hii yalimfaa. Akakumbuka kila aliyemuuzia, jina na geti, akaandika. Bidoni thelathini na nane.

Alianza na Ndaya. Kisha nyumba kwa nyumba, neno lilelile: "Hii bidoni ilibeba dawa ya kiwanda. Nilijua, nikasema ni sabuni. Nimekuja kuitoboa." Mbele ya mwenyewe aliitoboa mara tatu. Mama mmoja alimtemea mate. Mwingine alimmwagia maji yaleyale mgongoni, naye akasimama mpaka yakaisha. Kijana mchimbaji wa Mutoshi alimcheka, "Mama, mi nakunywaka mayi ya mu shimo na niko hai!" na Jémima akamwambia, "Leo uko hai. Leta bidoni."

Siku ya tatu pikipiki ilisimama kando yake. Badibanga.

"Sikuja juu yako," akasema. "Nimekuja juu ya bidoni. Panda."

Mama Adèle alikataa kabisa. Bidoni ni nzuri, alisema, haivuji, na Jémima anataka tu kuirudisha auze tena kwa bei kubwa. Jémima akaketi kwenye jiwe la getini kwa mama huyo tangu asubuhi, bila chakula. Kila mteja wa maharagwe aliyefika, Jémima alimwambia ukweli mzima kwa sauti, na kila mteja akageuka. Saa tisa bidoni ilirushwa juu ya ukuta.

Zilipatikana thelathini na sita. Moja kati ya hizo aliifuata hadi sokoni Fungurume.

Nyumbani kwake watu wamepungua, ingawa hawajaisha. Ndaya hupita, husalimu, haketi. Na Kisimba anaishi na mkewe, anakula chakula chake, hata hucheka naye siku nyingine. Ila maji ya kunywa, akipewa mkononi, huweka kikombe mezani, anaamka, anakwenda kujichotea mwenyewe.

Fundisho

Ndugu zangu, kilichobeba dawa ya mgodi hakiingii jikoni, hata kioshwe mara mia na mtu mwenye mikono safi. Ukipewa chombo ambacho karatasi yake imekwanguliwa, mwenye kukwangua alikuwa na sababu. Muulize ilibeba nini, na akijibu upesi mno, muulize yeye anakunywa mu nini nyumbani kwake. Ukitaka kwenda na rafiki mbali, ambako hakuna bomba wala rezo, nenda, ufurahi, Manika ni pazuri. Lakini maji yako uyajue tangu yalipotoka na chombo chake tangu kilipozaliwa. Na wewe unayeuza, usimuuzie jirani kitu ambacho wewe mwenyewe umekifungia uzi ili kisikukaribie. Ukishakosea, sema mapema. Jémima alisema akiwa amechelewa vikombe vitatu, na vikombe hivyo ndivyo anavyoishi navyo.

Bidoni mbili hazijaonekana. Ni za buluu, za lita ishirini na tano, na ubavuni ziko na alama ya kisu, kipande cha mraba kilichokwanguliwa hadi kikawa cheupe. Ziko kwa mtu, hapa kwetu. Funga kitabu hiki, uende uangalie yako.